Kutoka ARPANET hadi Wikipedia: Historia ya Katazo la Kujinadi Mtandaoni

Katazo la kujitangaza kibiashara mtandaoni ni la zamani kuliko intaneti yenyewe, ingawa sababu za kulitetea zimebadilika kadiri gharama ya tangazo ilivyohama kutoka kwa mlipaji mmoja hadi mwingine. Mwezi Mei 1978 Gary Thuerk, ofisa masoko wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, alituma tangazo la kompyuta mpya kwa watumiaji wapatao 400 wa ARPANET, mtandao wa utafiti uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Anwani zilikuwa nyingi hata nafasi ya wapokeaji ikajaa, na zilizobaki zikamwagikia ndani ya tangazo lenyewe. Wasimamizi walimkemea kwa hoja kwamba mtandao huo ni wa shughuli za serikali.

Hoja hiyo haikufaa kwa Usenet, mfumo wa vikundi vya mijadala ulioanza 1980 kwa juhudi za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, kwa kuwa haukuwa na mmiliki: ujumbe ulisafiri kwa simu kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kila taasisi ilijilipia simu na hifadhi. Aliyetangaza alionekana kuwabebesha wenzake ankara yake, hivyo biashara ikatengewa vikundi vyake. Utaratibu huo haukuwa na polisi wala mahakama, ulitegemea kuona haya tu, na udhaifu wake ulidhihirika tarehe 12 Aprili 1994, pale Laurence Canter na Martha Siegel, mawakili wa Arizona waliokuwa mume na mke, walipotumia programu ndogo kubandika tangazo la huduma zao za bahati nasibu ya Green Card, ileile inayofahamika sana Afrika Mashariki, katika vikundi zaidi ya 5,000. Mfumo uliruhusu ujumbe mmoja kuorodheshwa katika vikundi vingi ili msomaji auone mara moja. Wao waliutuma upya kwa kila kikundi, na aliyefuatilia vikundi ishirini akakutana nao mara ishirini. Malalamiko yaliizidi nguvu seva ya kampuni iliyowaunganisha, nayo ikawafungia akaunti. Hawakutubu: mwaka huohuo walitoa kitabu cha kufundisha wengine kutajirika kwa njia hiyo, na kwa kweli walikuwa wameliona soko mapema kuliko waliowazomea.

Google, iliyoanzishwa 1998, ilileta sababu nyingine ya katazo hilo, kwani ilipima uzito wa ukurasa kwa viungo, yaani maandishi ya kubofya, vinavyouelekea, na kiungo kikawa na thamani hata kisipobofywa na mtu. Wafanyabiashara wakaanza kuvipanda penye maoni ya wasomaji kwa ajili ya mashine tu. Januari 2005 Google, Yahoo na Microsoft ziliunga mkono alama iitwayo nofollow, inayouambia mtambo wa utafutaji usikihesabu kiungo. Mwaka 2007 Wikipedia ya Kiingereza iliiweka kwenye viungo vyake vya nje, uamuzi uliolalamikiwa kwa sababu tovuti zilizotajwa kihalali kama marejeo zilinyimwa sifa pamoja na za walaghai, ilhali upandaji wenyewe uliendelea, maana roboti inayopanda viungo hailipi chochote cha maana kwa kujaribu.