Baada ya Kisu: Habari za Waliopasuliwa Vidonda vya Tumbo

Huku Kilwa na Lindi mtu aliyepasuliwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo akirudi nyumbani, jamaa hufurahi, wakamwandalia sahani kubwa ya ugali wa muhogo na chai tamu, apate nguvu upesi. Mzee mmoja wa Kivinje, jirani yangu, alikula hivyo; kabla hajanawa mikono akatokwa na jasho, moyo ukamwenda mbio, akaanguka. Watu wakanong'ona kwamba amerogwa. La, sababu yake yajulikana, nayo ina historia.

Tarehe 29 Januari 1881, katika mji wa Vienna, mganga Theodor Billroth alikata sehemu ya chini ya mfuko wa chakula wa mwanamke mwenye saratani, akaunga iliyobaki na utumbo. Mwanamke yule alisalimika na kisu, lakini baada ya miezi michache saratani ilimwua. Novemba ya mwaka ule ule Ludwik Rydygier alimkata vivyo hivyo mgonjwa wa kidonda, naye akapona. Kazi ikaenea, hata kusini kwetu Dr. Leader Stirling, aliyefika mwaka 1935, alipasua wagonjwa huko Lulindi, na baadaye Mnero.

Lakini mfuko wa chakula una mlango chini, ufunguliwao kidogo kidogo. Mlango ukiondolewa, chakula, hasa chenye sukari, chaporomoka utumboni kwa mara moja, nao utumbo huvuta maji kutoka katika damu. Ndilo lililompata mzee. Tangu hapo alilishwa mara sita kwa siku, kidogo kidogo: samaki, mayai, wali haba. Maji alikunywa nusu saa baada ya kula, kisha akajinyosha kitandani. Akatulia.

Hatari nyingine ni kulala mno. Zamani aliyepasuliwa alilazwa majuma mawili au zaidi. Damu ikaganda miguuni, na pengine donge likapanda mapafuni, likamwua. Miaka ya 1940 waganga wengi wakaanza kuwainua wagonjwa mapema. Basi muuguzi akimtembeza ndugu yako kesho yake, usimgombeze.

Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha kijidudu Helicobacter pylori, kiletacho vidonda vingi. Kwa hiyo siku hizi kisu ni cha nadra, hasa kidonda kikitoboka au kikitoka damu isiyokoma. Hata hivyo kisu hakikiui kijidudu: mgonjwa na amalize dawa zake, aache tumbaku, wala asijinunulie aspirini wala diklofenaki dukani kwa maumivu ya mgongo. Tena apimwe damu kila mwaka, kwa maana aliyekatwa mfuko huweza kupungukiwa na damu hata baada ya miaka mingi.