Mpangilio wa majengo na mitambo ya juu ya mgodi wa makaa ya mawe

Mpangilio wa juu ya mgodi ni kazi ya kuamua, kabla ya uchimbaji kuanza, mahali pa kila jengo, mtambo, barabara, bwawa na lundo la taka litakalohudumia mgodi wa makaa ya mawe ulio chini ya ardhi. Shimo likishachimbwa halihamishiki. Kwa hiyo kosa la mpangilio hudumu muda wote wa uhai wa mgodi, na mara kadhaa katika historia limegharimu maisha ya watu.

Mahali pa mgodi

Kina cha makaa ndicho kinachoamua mengi. Makaa yanayojitokeza ubavuni mwa mlima hufikiwa kwa handaki la mlalo. Yaliyo karibu na uso wa nchi hufikiwa kwa njia ya mteremko yenye mkanda wa kusafirishia. Yaliyo mbali chini huhitaji mashimo ya wima na minara ya kupandishia.

Chini ya majengo makuu huachwa nguzo ya makaa isiyochimbwa ili ardhi isititie. Nguzo hiyo hupanuka kadiri kina kinavyoongezeka. Wapimaji wakitumia pembe ya nyuzi 35 kutoka wima, makaa yaliyo mita 400 chini lazima yaachwe kwa upana wa mita 280 hivi kuzunguka eneo lote la majengo. Ndiyo maana majengo hukusanywa pamoja: jengo likisogezwa pembeni bila sababu, makaa mengi yaliyo chini yake hayatachimbwa.

Milango na hewa

Mgodi hauna budi kuwa na njia mbili za kutokea. Tarehe 16 Januari 1862, katika mgodi wa Hartley kaskazini mwa Uingereza, boriti ya chuma ya mtambo wa kuvuta maji ilikatika, ikaangukia shimo pekee lililokuwepo na kuliziba. Watu 204 walikufa. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha migodi ya shimo moja.

Kwa kawaida hewa safi huingia kwa shimo moja na hewa chafu hutolewa kwa jingine kwa nguvu ya feni. Feni huwekwa kando ya mdomo wa shimo, nayo milango ya kupunguza mshindo huelekezwa kwenye shimo lenyewe, ili mlipuko ukitokea chini upite bila kuivunja. Mlango wa hewa safi huwekwa mbali na malundo ya makaa, ambayo yanaweza kuwaka yenyewe na kuupeleka moshi wake kwa wachimbaji. Umeme huletwa kwa njia mbili zinazojitegemea, kwa kuwa feni ikisimama gesi ya methani hujikusanya, nayo hulipuka ikifikia asilimia 5 hadi 15 ya hewa. Mgodi wa Kiwira, kusini-magharibi mwa Tanzania, ulijengewa kituo chake cha umeme cha megawati 6.

Njia ya watu na njia ya makaa

Njia hizi mbili hazipaswi kukutana. Mchimbaji huacha nguo za nyumbani upande safi wa mabafu, huvaa za kazi upande wa pili, kisha huingia chumba cha taa. Hapo huchukua taa na kibati chenye namba yake; kibati cha pili hubaki ubaoni, kuonyesha aliye chini. Kabla ya kupanda lifti hupekuliwa, asije akashuka na sigara au kiberiti.

Makaa hutoka shimoni hadi kwenye chekeche, kiwanda cha kuoshea, ghala na reli. Mfano maarufu ni shimo la 12 la Zollverein mjini Essen, Ujerumani, lililofunguliwa mwaka 1932. Wasanifu Fritz Schupp na Martin Kremmer walipanga majengo kwa kufuata mwendo wa kazi, na mtambo uliweza kupandisha tani 12,000 kwa siku.

Mabaki ya mwamba na maji

Mabaki yanastahili kuchunguzwa kwa makini sawa na shimo lenyewe. Huko Aberfan, Wales, lundo namba 7 la mgodi wa Merthyr Vale lilimwagwa juu ya chemchemi mlimani. Tarehe 21 Oktoba 1966 liliporomoka na kufunika shule na nyumba. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto. Lundo lichaguliwe mahali pasipo na chemchemi, liwekewe mifereji, wala lisikae juu ya makazi. Maji yanayovutwa mgodini, ambayo huweza kuwa na asidi na chuma, yatibiwe kabla ya kufika mtoni.

Kufungwa kwa mgodi

Mpango kamili huonyesha pia mwisho wa mgodi: nani ataziba mashimo, ataendelea kutibu maji na kusimamia malundo, na kwa fedha zipi. Zollverein iliacha kuchimba mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Migodi mingi haipati bahati hiyo. Kwa hiyo fedha za kuifunga zitengwe wakati makaa yangali yanauzwa.