Tisini elfu na laki na ishirini, ipi kubwa?

Najua nimepotea, testi zilinikaba kweli kweli hapa Mlimani. Leo narudi na aibu yangu mwenyewe.

Mama yangu ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa kule kwetu Kirushya, Ngara. Likizo iliyopita nikajitapa: mama, achana na daftari, mwanao nasoma kompyuta bwana! Nikaandika kiprogramu cha JavaScript cha kuwapanga wanachama, maana kwao mwenye akiba kubwa ndiye anayekopa kwanza. Orodha nikamtumia kwa simu, akaisoma kikaoni. Jioni akanipigia: "Mwanangu, tangu lini tisini elfu ikaizidi laki na ishirini?"

Nilichoka. Orodha ilianza na 90,000, ikaja 45,000, kisha 120,000, mwisho 100,000. Mama mmoja aliyejibana tangu msimu wa kahawa akaambiwa asubiri nyuma ya mwenye elfu arobaini na tano. Na mama yangu akaonekana anapendelea watu.

Basi nikazama kwenye historia. Safu kwenye programu ni kama mashimo ya bao: kila shimo lina namba yake na kilichomo ndani. Kwenye Fortran ya mwaka 1957, ukitaka kujumlisha safu ulikuwa unaandika mwenyewe mzunguko wa kupita shimo kwa shimo. Mwaka 1962 Kenneth Iverson akatoa kitabu chake kuhusu APL, ambamo alama mbili tu, +/, zinajumlisha safu nzima. Hapo ndipo watunzi wa lugha walipoonja utamu wa kumpa mtu kazi za safu zikiwa tayari.

JavaScript ilikuja 1995. Brendan Eich wa Netscape aliandika toleo la kwanza kwa siku 10 tu. Mwaka 1996 sort ikaingia. Sasa safu za JavaScript zinaruhusu kuchanganya namba na maneno, kwa hiyo sort usipoielekeza inageuza kila kitu kuwa maneno na kupanga kama kamusi. Kwenye kamusi 9 iko mbali kuliko 1, basi! Sifuri zinazofuata hazina habari nazo.

Mtauliza, kwa nini wasirekebishe? Kwa sababu watu wameshajenga juu yake. Angalieni kisa cha 2018: wakubwa wa lugha walitaka kuongeza fanksheni ya kufungua safu zilizo ndani ya safu, waiite flatten. Ikagundulika kwamba MooTools, maktaba ya zamani, ilishakuwa na flatten yake, na kurasa zilizoitegemea zingeharibika. Mmoja akatania kwamba basi iitwe smoosh, watu wakabishana wee! Mwisho ikaitwa flat, ikaingia rasmi 2019. Jina zima lilibadilishwa ili kurasa za zamani zisife.

Mwaka 2023 ikaja toSorted. Sort inavuruga safu yako ya asili, toSorted inakupa nakala. Lakini wadau, hata huyo mgeni usipomwelekeza bado anapanga namba kama maneno! Mgeni alifuata mila za mwenyeji.

Nilichojifunza ni kwamba anayetunga kazi ya ndani ya lugha anaamua kwa niaba ya watu ambao hatawaona kamwe. Uamuzi wa 1996 umefika mpaka kikao cha akina mama Kirushya. Lakini siwezi kumsingizia mtunzi. Maelekezo yameandikwa wazi, mimi sikuyasoma, na orodha ya watu wanne tu sikuipitia kwa macho.

Programu nimeirekebisha, ni mstari mmoja tu. Mama karudi kwenye daftari lake. Likizo ijayo nitasimama kikaoni niombe radhi, hasa kwa yule mama wa laki na ishirini.

Haya, wacha niwahi kantini kabla wali haujaisha. Tuonane wiki ijayo.