Kanda la Pazi: Kisa cha Mzizima na Wenyeji wa Dar es Salaam

Kabla Sayyid Majid hajaanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, mahali pale palikuwa na kijiji cha Washomvi kilichoitwa Mzizima. Habari zake za kale zilihifadhiwa vinywani, hata Carl Velten akazichapisha kwa Kiswahili huko Berlin mwaka 1907. Miongoni mwake mna kisa cha Pazi Kilama.

Yasimuliwa kwamba Washomvi walishambuliwa na Wakamba, wakashindwa kujiokoa, wakamwendea Pazi, mkubwa wa Wazaramo. Naye akawafukuza adui, kwa sharti apewe ujira kila mwaka, chumvi ikiwamo. Ujira huo ukaitwa kanda la Pazi.

Wanahistoria wamesumbuka mno na mwaka wa vita hivyo. Kazi hiyo si bure, walakini si kiini cha kisa. Msimulizi hajali tarehe; ajali nani alimwokoa nani, na deni gani lilibaki. Vita huisha, bali ujira hurudi kila mwaka, na kila urudipo hapana budi sababu yake ielezwe upya. Ndiyo maana kisa kilidumu: kilikuwa hati ya mapatano kwa watu wasioandikiana hati.

Maneno yenyewe ni mashahidi. Kanda ni mfuko wa kusukwa, chombo cha kila siku. Hapa limekuwa jina la mkataba. Pazi nalo, Burton alipopita Uzaramo mwaka 1857, alilikuta likiwa cheo cha wakuu wa vijiji. Leo husikika kama jina la ukoo.

Mji ukatanuka, ukameza mashamba ya Temeke na Kinondoni. Katika miaka ya 1950 Wazaramo ndio waliokuwa wengi mjini kuliko kabila lolote; kwa hesabu ya mwaka 2022 mkoa mzima una watu zaidi ya milioni 5, waliotoka kila upande wa nchi. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Mbele ya sheria hiyo kisa hakimpi mtu kiwanja. Chaweza tu kueleza nani ni mwenyeji na nani mgeni, jambo ambalo ramani ya mipango miji haina mahali pa kuliandika.

Liko jambo moja lililopuuzwa. Habari alizochapisha Velten ni za watu wa pwani, yaani za waliolipa. Si kawaida mdeni kutunza kumbukumbu ya deni lake; Washomvi waliitunza.