Sura ya Mfalme Richard: Nani Aliyeichora?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Sogeeni karibu na redio, na wenye madaftari wayafungue. Leo tutasoma habari za mtu mmoja, na tutauliza swali ambalo kila msomaji wa vitabu hana budi kujiuliza: Mtu akisha kufa, tabia yake tunaijuaje?

Mashahidi wa jambo hili ni watatu. Wa kwanza ni historia, yaani habari zilizoandikwa na watu waliosema kwamba wanaeleza mambo kama yalivyokuwa. Wa pili ni picha. Wa tatu ni hadithi, mashairi na michezo ya kuigiza. Mashahidi hawa hutuambia, "Fulani alikuwa mwema," au "Fulani alikuwa mwovu." Lakini shahidi naye huulizwa maswali. Hakimu hamwamini mtu kwa sababu ya kusema kwa sauti kubwa.

Mtu tutakayemtazama ni Richard wa Tatu, aliyekuwa mfalme wa Uingereza tangu mwaka wa 1483 hata mwaka wa 1485. Tumemchagua yeye kwa kuwa mashahidi wote watatu wamesema juu yake, na kwa kuwa katika mwaka wa 2012 alitokea shahidi wa nne.

Maisha yake

Richard alizaliwa mwaka wa 1452. Zamani hizo koo za wakubwa wa Uingereza zilikuwa zikigombea kiti cha ufalme. Baba yake aliuawa vitani mwaka wa 1460, Richard akiwa mtoto wa miaka minane. Mwaka uliofuata kaka yake, Edward, akashinda, akawa mfalme. Richard alipokuwa mtu mzima alimtumikia kaka yake kwa uaminifu, akapewa kuangalia sehemu za kaskazini ya nchi.

Mwezi wa Aprili 1483 Mfalme Edward akafa. Aliacha wana wawili, mkubwa wa miaka 12 na mdogo wa miaka 9. Yule mkubwa ndiye mrithi, na Richard, baba yao mdogo, akawekwa kuwa mlinzi wa nchi mpaka mtoto akue. Sikilizeni basi yaliyotokea. Katika mwezi wa Juni mkubwa mmoja, jina lake Hastings, alikamatwa barazani akakatwa kichwa bila ya kuhukumiwa. Wale watoto wawili waliwekwa katika Mnara wa London. Kisha ikatangazwa kuwa ndoa ya baba yao haikuwa halali, na kwa hiyo hawawezi kurithi. Tarehe 6 Julai Richard akatawazwa. Mwaka ule haukwisha, na watoto hawakuonekana tena.

Alitawala miaka miwili na kidogo. Tarehe 22 Agosti 1485 Henry Tudor, aliyekuja na jeshi kutoka Ufaransa, alipigana naye karibu na mahali paitwapo Bosworth. Richard akauawa, umri wake miaka 32. Ndiye mfalme wa mwisho wa Uingereza kufa vitani. Maiti yake ilivuliwa nguo, ikapakiwa juu ya farasi, ikapelekwa mji wa Leicester, ikazikwa katika kanisa la watawa. Henry akawa mfalme, na ukoo wake ukatawala mpaka mwaka wa 1603.

Mwaka huo wa 1603 uandikeni katika madaftari. Tutauhitaji.

Shahidi wa kwanza: waandishi

Alikuwako kasisi mmoja karibu na mji wa Warwick, jina lake John Rous. Richard alipokuwa hai na mwenye nguvu, Rous alitengeneza kitabu cha kukunja chenye picha na habari za mabwana wa Warwick, na ndani yake alimsifu Richard kuwa mtawala mwema mwenye kuwaadhibu wanaowaonea raia. Alitengeneza nakala mbili, moja ya Kiingereza na moja ya Kilatini. Richard alipokufa, Rous aliichukua ile ya Kilatini akaziondoa sifa. Ile ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwake, haikubadilika, nayo ipo hata leo. Kisha akaandika kitabu kingine, na humo akasema kwamba Richard alikaa miaka miwili tumboni mwa mama yake, akazaliwa ana meno na nywele zinazofika mabegani.

Je, Richard alibadilika? La, Richard alikuwa kaburini. Kilichobadilika ni kiti cha ufalme. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Baadaye akaja Thomas More, mtu mwenye elimu kubwa, aliyeandika habari za Richard kiasi cha miaka 30 baada ya kufa kwake. More alizaliwa mwaka wa 1478. Basi fanyeni hesabu: Richard alipokufa, More alikuwa na miaka mingapi? Alikuwa na miaka saba tu. Hakuyaona mambo kwa macho ya mtu mzima, aliyasikia. Na katika ujana wake aliwahi kutumika nyumbani kwa Askofu John Morton, mtu aliyekamatwa na Richard na kuwa adui yake. Katika kitabu cha More, Richard ni mfupi, ana kibyongo, bega la kushoto limepanda juu ya la kulia, na moyo wake umepinda kama mwili wake.

Lakini yako maandishi mengine. Siku ya pili baada ya vita, tarehe 23 Agosti 1485, baraza la mji wa York liliandika katika daftari lake kwa huzuni kwamba mfalme ameuawa. Watu wa York walimjua Richard miaka mingi, na siku hiyo kumsifu aliyeshindwa hakukuwa na faida yoyote. Kulikuwa na hatari. Tena ziko sheria zilizotungwa na baraza lake la mwaka wa 1484. Mojawapo ilikataza mfalme kuwatoza watu fedha kwa jina la zawadi. Nyingine ilizuia mali ya mshitakiwa isichukuliwe kabla hajahukumiwa. Na katika sheria iliyowabana wafanyabiashara wa kigeni, vitabu na wenye kuvichapa viliachwa huru. Sisi tunaojifunza kusoma tunaweza kuithamini sheria hiyo.

(Hapa mwenye kuongoza darasa asimamishe kidogo. Wanafunzi waulizane: Kati ya More na daftari la York, ni shahidi yupi aliyekuwa karibu zaidi na jambo lenyewe?)

Shahidi wa pili: picha

Watu wengi hudhani ya kuwa picha haisemi uongo. Picha za rangi za Richard zilizo maarufu zilichorwa baada ya kufa kwake. Moja iko katika hazina ya picha za wafalme wa Uingereza. Tunamwona mtu mwembamba, amevaa kofia nyeusi na nguo za thamani, uso una mikunjo, naye anachezea pete kidoleni. Mtazamaji mmoja husema, "Huyu ana majonzi." Mwingine husema, "Huyu anapanga hila." Kila mmoja huona yale aliyokuja nayo moyoni.

Wataalamu waliimulika picha hiyo kwa eksirei, ile mashine itumiwayo hospitalini kutazama mifupa. Wakaona kwamba mchoraji wa kwanza aliliweka bega chini, na baadaye mkono mwingine ukapaka rangi juu yake na kulipandisha. Maana yake ni kwamba habari ya kibyongo ilipokwisha kuenea, picha ilitengenezwa ifanane na habari. Hapo mashahidi wawili si wawili tena. Ni shahidi mmoja anayesema kwa vinywa viwili.

Shahidi wa tatu: mchezo wa kuigiza

Shahidi wa tatu ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, William Shakespeare. Wengi wenu mmelisikia jina lake, kwa kuwa Mwalimu Julius Nyerere alifasiri kwa Kiswahili michezo yake miwili, ule wa Julius Caesar uliochapishwa mwaka wa 1963, na Mabepari wa Venisi uliochapishwa mwaka wa 1969. Shakespeare alizaliwa mwaka wa 1564, akatunga mchezo wa Richard wa Tatu baada ya mwaka wa 1590, yaani zaidi ya miaka 100 baada ya vita vya Bosworth. Habari zake alizipata katika vitabu vilivyofuata maneno ya More.

Sasa tazameni ule mwaka wa 1603 mlioandika. Shakespeare alipotunga mchezo huu, ni nani aliyekuwa akitawala? Alikuwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, mjukuu wa Henry Tudor, yule aliyemshinda Richard na kuchukua taji. Kama Richard alikuwa mfalme wa haki, babu yake malkia alikuwa mnyang'anyi. Kama Richard alikuwa jitu ovu, babu yake malkia alikuwa mwokozi wa nchi. Mtunzi wa michezo aliyeishi London hakuwa na sababu ya kuchagua habari ya kwanza.

Hata hivyo tusimdharau Shakespeare. Richard wake ana kibyongo, mkono uliokauka, na ulimi mtamu. Huwageukia watazamaji na kuwaambia siri zake, nao hujikuta wanacheka pamoja naye hali wanajua anakwenda kuua. Huo ni ukweli mkubwa juu ya madaraka: mdhalimu hapandi peke yake, hupandishwa na wanaofurahishwa na maneno yake na wale wanaonyamaza. Basi mchezo unatufundisha habari za wadhalimu, lakini hautoshi kutufundisha habari za Richard mwenyewe. Haya ni mambo mawili, na msomaji mzuri huyatenga.

Shahidi wa nne: mifupa

Lile kanisa la watawa wa Leicester lilifungwa mwaka wa 1538 na kubomolewa. Kaburi likapotea. Mwezi wa Agosti 2012 wataalamu walianza kuchimba mahali ambapo siku zile palikuwa pa kuwekea motokaa, wakakuta mifupa ya mtu. Waliipima, wakalinganisha chembe za urithi na za watu walio hai wa nasaba ya dada yake Richard, na mwezi wa Februari 2013 wakatangaza kuwa ndiye. Alizikwa upya kwa heshima katika kanisa kuu la Leicester mwezi wa Machi 2015.

Mifupa ilisema nini? Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kwa upande, karibu na umbo la herufi S. Kwa hiyo bega moja lilikuwa juu kidogo, na hilo lilikuwa la kulia, si la kushoto kama alivyosema More. Kibyongo hakuwa nacho. Mkono uliokauka hakuwa nao. Jeraha zilizoonekana mifupani zilikuwa 11, na tisa kati ya hizo zilikuwa kichwani. Mtu huyu alikufa akiwa katikati ya maadui. Hata waandishi waliomchukia walikiri kwamba alipigana kwa ushujaa.

Tazameni jinsi uongo ulivyotengenezwa. Chembe ya kweli ilikuwamo: mgongo uliopinda. Kisha kila mkono ukaongeza kidogo, mpaka ugonjwa wa mifupa ukawa ushahidi wa dhambi. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika habari hii. Mgongo uliopinda hauthibitishi moyo uliopinda. Sisi tunao usemi wa kutosha: hujafa hujaumbika. Mtu asihukumiwe kwa mguu wake, jicho lake au ngozi yake, awe mfalme au jirani.

Basi alikuwa mwema?

Msikimbilie upande wa pili. Mwaka wa 1924 kilianzishwa Uingereza chama cha kumtetea Richard, na mwaka wa 1951 mwandishi Josephine Tey alitoa hadithi iliyomwonyesha kuwa hana hatia. Watetezi nao ni waamba ngoma. Mifupa imefuta kibyongo, haikumfuta Hastings aliyekatwa kichwa bila hukumu. Haikuwarudisha watoto wawili waliokuwa chini ya ulinzi wa baba yao mdogo. Nani aliwaua, na kama waliuawa, haijathibitishwa hata leo; lakini aliyepewa kuwalinda alikuwa Richard, na aliyevaa taji lao alikuwa Richard.

Mtu yule yule alitunga sheria ya kuwalinda washitakiwa, na mtu yule yule alimwua mshitakiwa bila kumsikiliza. Aliye hai huwa na mambo yanayopingana ndani yake. Wenye nguvu hupenda kumfanya adui yao jitu, na wafuasi hupenda kumfanya bwana wao malaika, kwa kuwa jitu na malaika ni rahisi kueleza. Mtu ni vigumu.

Maswali ya kujadili

Redio itakaponyamaza, jadilianeni haya. La kwanza: John Rous alipoziondoa sifa, je, alikuwa mwongo, mwoga, au mtu anayetafuta riziki? La pili: Kwa nini daftari la York lina uzito kuliko kitabu kilichoandikwa miaka 30 baadaye? La tatu: Chagueni mtu mmoja maarufu wa zamani katika sehemu yenu, ambaye habari zake mnazisikia kwa wazee. Ulizeni ni nani aliyesimulia kwanza, alisimulia lini, na alikuwa akila kwa nani.

Kujua herufi ni mwanzo wa kusoma. Kujua mkono ulioziandika ni kazi inayofuata, nayo haina mwisho. Kwaherini, mpaka somo lijalo.