Kizingiti cha Futi Saba

Ubao ulikuja Kisauni kutoka Likoni kwa tuk-tuk, umetokeza pande zote mbili, nyuma umefungwa kitambaa chekundu. Ulikuwa umevuka feri, ukakaa kwenye foleni ya kisiwani, ukavuka daraja la Nyali, ukafika kwetu Mtopanga umejaa vumbi. Mwenyewe, mama wa makamo kutoka Mtongwe, alikuwa ameushikilia njia nzima. "Mwanangu," aliniambia hata kabla hajashuka, "huu ni mmoja tu. Hakuna wa pili."

Ulikuwa mwarobaini, futi 7 kwa inchi 9, unene inchi 2. Mti wenyewe ulisimama kwenye ua wa nyumba ya babake. Mzee alipofariki ndugu wakagawana kiwanja, mti ukakatwa kupisha ukuta, na mlango wa zamani wa nakshi ukauzwa kwa mnunuzi wa vitu vya kale kabla yeye hajapata habari. Alichobaki nacho ni picha ya harusi. Wazee wamesimama barazani, na juu ya vichwa vyao kinaonekana kizingiti cha juu cha ule mlango: mshipi wa majani yaliyosokotana kutoka mwisho hadi mwisho, na katikati mwaka wa Hijria. Alitaka kizingiti kile kirudi, kwa mti wa babake.

Mimi si fundi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kutimia. Naandika makala, na siku ambazo makala hazilipi, yaani siku nyingi, nachora kwenye kompyuta kazi za karakana ya rafiki yangu: vibao vya madrasa, zawadi za harusi, namba za vyumba vya gesti. Mashine inachoma ninachochora. Ikienda vizuri, sifa ni za mashine. Ikienda vibaya, ni "yule jamaa wa kompyuta".

Mashine yetu ina kitanda cha milimita 900 kwa 600. Kichwa chenye lenzi hutembea juu ya kitanda hicho na hakiwezi kutoka nje yake. Kwa hiyo ubao wa futi 7 ni kama kumlaza mtu mzima kwenye kitanda cha mtoto. Lakini mbele na nyuma ina mwanya mrefu. Unaingiza ubao mbele, unachoma kipande, unausukuma mbele kidogo, unachoma kingine, mpaka kazi nzima itokee upande wa pili. Mtu akikuelezea hivyo unaona rahisi. Niligawa nakshi ya kizingiti vipande 4 vya milimita 525. Vipande 4 vina maungio 3, na hayo maungio ndiyo kazi yenyewe. Ubao ukiingia umepinda nusu digrii tu, jicho halioni, lakini mwisho wa futi 7 umeshapotea karibu sentimita 2. Ndiyo maana tuliweka rola mbele na nyuma zenye kimo sawa na kitanda, tukafunga mbao iliyonyooka pembeni ubao uwe unaiegemea, na nikachora alama ndogo za msalaba ili kila kipande kianzie pale kilichotangulia kilipoishia. Na miwani ya kukinga macho, kwa sababu mashine yenye mianya si sanduku lililofungwa tena.

Usiku ule kabla ya kuchoma sikulala sana, nikawa nasoma habari za milango. Nilitaka kujua watu wa zamani walifanyaje na vitu vikubwa.

Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika juu ya pwani hii mwanzoni mwa miaka ya 1500, anapofika Kilwa anasifu milango ya mbao kwa nakshi zake, na pia kwa namna ilivyounganishwa. Hilo la pili huwa tunalipita. Sote tunapiga picha nakshi. Lakini mlango wa Kiswahili ni kitu cha vipande: miimo miwili ya pembeni, kizingiti cha juu, cha chini, na mbao mbili zinazozunguka kwenye vishimo badala ya bawaba. Hakuna mti mmoja ulioombwa uwe mlango mzima. Kila fundi alichonga kipande kinachotosha mbele yake, kisha vikakutana.

Na mahali mbao mbili za mlango zinapokutana katikati, pale ambapo wewe na mimi tungetia gundi tukaomba Mungu, walisimamisha mfaa. Mfaa ni ule mti wa wima uliopigiliwa kwenye ubao mmoja ukafunika mwanya wa katikati. Ukienda Mji wa Kale kesho, tazama mlango wowote uliobaki. Ubao wenyewe mara nyingi ni mtupu, au una vichwa vya shaba tu kama ile iliyofuata mtindo wa Gujarati. Lakini mfaa umechongwa juu mpaka chini. Mimi naona ni ujasiri wa aina yake, kuchukua mahali penye ufa na kupapa kazi bora kuliko zote.

Mafundi wa nakshi walikuwa Lamu, walikuwa Pate, na Siyu ilisifika zaidi kwa kazi za mikono: mbao, ngozi, vitabu. Jina la Siyu limeandikwa pia hapa kwetu, lakini kwa namna nyingine. Ukiingia Fort Jesus, juu ya lango kuna jiwe lililochongwa maandishi ya Kireno yanayotaja mwaka 1635. Ni la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Miaka 4 kabla yake Yusuf bin Hassan, sultani ambaye Wareno walimlea Goa na kumbatiza Dom Jerónimo, alikuwa amewageuka na kuiteka ngome. Cabreira alitumwa baadaye, na kwenye jiwe lake anajisifu kwamba ameijenga ngome upya, amewatoza wafalme wa pwani kodi, na amewaadhibu Pate na Siyu hadi kubomoa kuta za miji. Anataja na umri wake: miaka 27. Mimi nina umri unaokaribia huo na nilikuwa naogopa kuharibu ubao wa mama mmoja. Wareno waliipoteza ngome mwaka 1698. Siyu iliendelea kuchonga.

Milango ilipokuja kuwa mikubwa kweli, karne ya 19, pesa ilikuwa Unguja. Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 na milango yake ni ya kumfanya mtu ajione kipande cha sabuni. Mafundi kutoka Bara Hindi walikuja na mitindo yao, na msaji ukaja kwa majahazi. Ndugu zetu wa visiwani wanayo mengi ya kusema hapo, nawaachia.

Mimi nina jambo la karibu zaidi, nalo ni Changamwe. Babu yangu ni mchongaji pale. Ni Mkamba, na Wakamba hawakuja na milango, walikuja na twiga. Habari inayosimuliwa sana ni ya Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa wachongaji wa huko, akarudi na ufundi huo kijijini. Kutoka Wamunyu ufundi uliwafuata wanunuzi, na wanunuzi walikuwa Mombasa: mabaharia, kisha watalii. Mwaka 1963 wachongaji wa Changamwe walianzisha chama cha ushirika, na kipo hadi leo. Babu alianza na mpingo na muhuhu. Miti hiyo ilipoadimika, kuanzia miaka ya 1990 kukawa na kampeni ya kuwahimiza wachonge miti ya karibu: mwarobaini, mwembe, jakaranda. Mwarobaini babu anaujua kama anavyoujua mgongo wa mkono wake. Anajua pia kuupaka rangi ya viatu hadi mzungu aondoke anaamini amebeba mpingo, lakini hilo hapendi niandike.

Twiga wa babu walinilipia karo mpaka twiga wakaacha kununuliwa. Kwa hiyo nilipoanza kazi ya leza hatukuzungumza juu yake. Ananiuliza, "Uko kule kwa mashine bado?" Najibu, "Niko, babu." Basi.

Leza yenyewe si kitu cha zamani. Ya kwanza iliwashwa Mei 1960 California na Theodore Maiman. Aina tunayotumia sisi, ya gesi ya kaboni dioksidi, ilitengenezwa mwaka 1964 na Kumar Patel, mzaliwa wa Baramati, India, akifanya kazi Bell Labs huko Marekani. Nilicheka kidogo niliposoma hilo. Mara nyingine tena nakshi ya Mombasa inategemea kitu kilichofikiriwa na mtu wa ng'ambo ile ya bahari.

Kipande cha kwanza kilitoka safi. Harufu ya mwarobaini ukiungua ni chungu, inakaa kooni, lakini majani yalisokotana vizuri, kahawia juu ya wekundu wa mti. Tukasukuma. Kipande cha pili kikakutana na cha kwanza kiasi kwamba ilibidi nitafute maungio kwa kucha. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, hataki chai, hataki soda.

Katikati ya kipande cha tatu stima ikapotea.

Ikarudi baada ya dakika 20 hivi. Lakini mashine iliyozimika ghafla husahau ilipokuwa. Kichwa kinarudi nyumbani kwenye kona, na ni juu yako kukirudisha kilipoachia. Nilikirudisha kwa kukisia, kwa sababu kuna mtu katika kile kiza aliusogeza ubao kupisha mlango, na mtu huyo ni mimi. Tulipowasha, majani yakachomwa mara mbili, moja juu ya jingine, yameachana milimita 2. Kama picha ya mtu aliyetikisika. Mwenye karakana akabonyeza kitufe chekundu. Hakuna aliyesema kitu. Mama alisimama, akaja, akatazama, akaweka kiganja pale palipoharibika.

"Huu ni mmoja tu," alisema tena, polepole, kama ananikumbusha.

Kosa la leza halifutiki kwa msasa mwepesi, maana limeshaingia ndani. Ukilipiga randa, unapiga randa kazi yote. Nilimwomba wiki moja. Jioni nikaufunga ubao gunia na kuubeba Changamwe.

Babu aliulaza kwenye mapaja yake, nje, kwenye mwanga. Alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Hapa na hapa ndipo ulipounga?" Maungio mawili mazuri, niliyoyatafuta kwa kucha, aliyaona akiwa amekaa. Nikasema ndiyo.

"Na kwa nini unayaficha?"

Nilimweleza habari za mashine kuwa fupi na ubao kuwa mrefu. Akanisikiliza kama mtu anayesikiliza udhuru wa mtoto. Akasema hapa palipoharibika tuchonge ua, kina cha kutosha kuondoa ule uchafu. "Lakini ua moja ni kiraka. Kila mtu atajua kuna kitu kimefichwa. Weka matatu." Moja kwenye kosa, ambalo lilikuwa karibu na ungio la pili, moja kwenye la kwanza, moja kwenye la tatu ambalo bado hatukuwa tumelifikia. Akapima kwa shubiri, akasogeza vituo kidogo ili vilingane, akanionyesha kwa penseli ni wapi nipunguze majani kwenye kompyuta.

Tukarudi karakana nikamalizia vipande vilivyobaki, nikiacha duara tupu pale alipoweka alama. Halafu ubao ukarudi Changamwe. Alichonga siku mbili kwa patasi na nyundo ya mti. Mikono yake inatetemeka akishika kikombe, haitetemeki akishika patasi. Leza yetu inaingia milimita moja, labda mbili ukirudia. Yeye alishuka zaidi ya sentimita. Yale maua yanatoa kivuli, majani yangu hayatoi, na sitajidanganya kwamba haionekani nani alifanya nini.

Mama alipokuja aliyahesabu kwa kidole. "Kwenye picha hayakuwapo," alisema.

Nikamwambia ukweli wote, mpaka wa kuusogeza ubao gizani. Hakujibu papo hapo. Aliuliza huyo mzee ni wa wapi, anaitwa nani, nikamwambia. Alilipa iliyobaki, akatoa noti nyingine akaikunja kando: "Hii ya babu." Tulimsindikiza na ubao hadi Likoni, mimi nimeshika mwisho mmoja, ndani ya feri watu wakitupisha na kuuliza ni jeneza la nani.

Babu alikuja karakana mara moja tu, wiki chache baadaye. Nilichoma kibao kidogo ili aone. Aliinama mbele ya mashine na miwani aliyopewa, akatafuta.

"Mwanga wenyewe uko wapi?"

Nikamwambia leza hii hauioni kwa macho, ile nukta nyekundu ni ya kuonyesha njia tu. Akatikisa kichwa. Akaenda mbele ya mwanya, akaupima upana kwa shubiri kama alivyopima kizingiti, nne na kitu.

"Ubao wa mlango utapita," akasema. "Mfaa nitachonga mimi."

Oda ya mlango mzima bado hatujapata.