Seva ya akiba: Kinga ya huduma pale mfumo mkuu unapozimika

WAKAZI wa mji wa Handeni wanafahamu gharama ya kutegemea chanzo kimoja. Kwa miaka mingi walitegemea maji yanayosukumwa kutoka Mto Pangani, wilayani Korogwe, kupitia bomba kuu la mradi wa HTM uliojengwa miaka ya 1970. Pampu zikisimama, mabomba hukauka.

Hatari hiyo hiyo inaikabili ofisi, duka au hospitali ambayo kumbukumbu zake zote zimo katika kanzidata iliyowekwa kwenye seva moja. Seva ikizimika, foleni husimama dirishani ingawa kompyuta za watumishi ni nzima.

Mei 2021, wateja wa LUKU nchini walishindwa kununua umeme kwa siku kadhaa kutokana na hitilafu ya mfumo. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikavurugika Tanzania na katika nchi jirani.

Kinga ni kuwa na seva kuu na seva ya akiba inayopokea nakala ya kila kumbukumbu mpya. Hospitali yenye seva kuu Korogwe, kwa mfano, inaweza kuweka ya akiba Handeni, umbali wa kilomita 65 hivi kwa barabara, ili moto au mafuriko ya mahali pamoja yasiziharibu zote mbili.

Hata hivyo, seva ya akiba haina faida iwapo programu ya mtumiaji inafahamu anwani ya seva kuu pekee. Hapo ndipo wengi hukosea.

Mpangilio wa muunganisho

Kanzidata ya PostgreSQL, kuanzia toleo la 10 la mwaka 2017, inaruhusu kuorodhesha anwani kadhaa zilizotenganishwa kwa mkato. Programu hujaribu ya kwanza. Ikishindwa, huhamia inayofuata. SQL Server ya Microsoft nayo iliruhusu kutaja seva mwenza tangu toleo la 2005.

Jambo la pili ni muda wa kusubiri. Bila kikomo, kompyuta ya Linux katika mpangilio wake wa kawaida inaweza kuisubiri seva iliyokufa kwa zaidi ya dakika mbili. Kikomo cha sekunde chache humwondolea mhudumu adha hiyo.

Tatu, programu iagizwe kuthibitisha kwamba seva iliyoipata inapokea maandishi, kwa kuwa seva ya akiba kwa kawaida huruhusu kusoma tu. Katika PostgreSQL agizo hilo ni target_session_attrs=read-write.

Nani awe mkuu?

Orodha ya anwani haiipandishi cheo seva ya akiba. Mawasiliano kati ya seva mbili yakikatika, kila moja yaweza kudhani mwenzake amekufa, zote zikaanza kuandika, na mgonjwa mmoja akawa na mafaili mawili yanayopingana. Ndiyo maana huwekwa mwamuzi wa tatu, na anayepata kura mbili kati ya tatu ndiye mkuu.

Lipo pia suala la kasi. Seva kuu ikisubiri nakala iandikwe upande wa pili kabla ya kuthibitisha malipo, hakuna stakabadhi inayopotea, lakini kazi huenda polepole kwenye mtandao dhaifu. Isiposubiri, kazi huwa nyepesi, ila miamala ya sekunde za mwisho yaweza kupotea.

Seva ya akiba pia haichukui nafasi ya nakala rudufu za kila siku. Kumbukumbu ikifutwa kwa bahati mbaya kwenye seva kuu, hufutwa mara moja na kwenye ya akiba.

Mwisho ni majaribio. Seva kuu izimwe kwa makusudi siku yenye kazi chache, na muda wa huduma kurejea upimwe kwa saa. Akiba isiyojaribiwa hujulikana ubovu wake siku ya dharura, wagonjwa wakiwa tayari dirishani.